Tamthilia Isiyojua Kufunga Kikao

Katika sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa katibu wa chama cha ushirika, na kazi iliyonilisha ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Muhtasari una mwendo wake unaoheshimika: kikao kinafunguliwa, ajenda zinathibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, yatokanayo yanajadiliwa, yanaingia mengineyo, kisha mwenyekiti anawashukuru wajumbe, anafunga kikao, na watu wanakwenda kunywa soda. Sasa nimestaafu, nimekaa kwenye kochi langu hapa Morogoro, na kila jioni saa moja na nusu ninalazimika kuhudhuria kikao chenye yatokanayo matupu. Ni yatokanayo juu ya yatokanayo, mwenyekiti hajulikani ni nani, na sijamsikia mtu akikifunga.

Ninayoizungumzia ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo jina lake silitaji kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika. Ndani yake kuna familia ya tajiri, kuna mtoto ambaye baba yake ana utata, na kuna bahasha ya majibu ya vinasaba. Bahasha hiyo ililetwa na tarishi wakati mvua za vuli zinaanza, na mpaka watu wanaanza kuvuna mahindi ilikuwa haijafunguliwa. Imewekwa kwenye droo, imeibwa, imerudishwa, imebadilishwa na nyingine inayofanana nayo, imechomwa moto na ikabainika kwamba iliyochomwa ndiyo ile ya uongo, na siku moja mama wa tajiri, yule bibi mwenye mkufu wa lulu, aliishika kwa vidole viwili akaipeleka dirishani penye mwanga. Nikasema, haya, Mungu mkubwa, leo tunamaliza. Ndipo ukaanza ule muziki wao. Kamera ikaondoka kwa bibi ikaenda kumtazama mkwewe, ikamtazama tajiri, ikamtazama dereva, ikamtazama mpishi ambaye hana hisa yoyote katika jambo hili, ikamrudia bibi, ikamsogelea mpaka nikaona wanja wake ulivyopakwa, picha ikaganda, na majina ya mafundi wa taa yakaanza kupanda. Mimi ninawaheshimu mafundi wa taa, lakini si wao niliokuwa ninawasubiri.

Mtu akikaa na saa yake mkononi ataona kwamba nusu saa ya tamthilia haina nusu saa ndani yake. Kwanza huja yaliyojiri, ambayo hutukumbusha mambo tuliyoyaona jana kana kwamba usiku tulilala na homa kali. Kisha huja wimbo, na wahusika wote wanageuka mmojammoja kutazama nyuma ya mabega yao, nami sijaelewa kuna nini huko nyuma. Kisha matangazo. Kinachobaki ndicho hadithi, na hicho nacho kina mbinu zake za kujinyoosha. Kofi moja lililopigwa Jumatano huonyeshwa mara tatu kutoka pembe tatu. Alhamisi linarudi katika yaliyojiri. Ijumaa yule aliyepigwa anakaa bustanini na kulikumbuka, nasi tunalazimika kulikumbuka pamoja naye kwa picha zilizofifishwa rangi. Shuleni tulifundishwa kwamba hiyo ni mbinu rejeshi na kwamba kazi yake ni kutajirisha maudhui. Kofi lile limechapa kazi kuliko watumishi kadhaa niliopata kuwaandikia barua za onyo.

Mjukuu wangu anasomea utangazaji, na kila nikilalamika hunijibu kwa upole wa mtu anayemhudumia mgonjwa. "Babu, hiyo ndiyo fani yenyewe. Ipo hadithi inayojifunga kila kipindi, na ipo inayoendelea. Hii inaendelea." Ninamwambia kwamba kuendelea ninakuona, ninachouliza ni kufika. Wenzetu wa Kenya wana *Vioja Mahakamani*: mshtakiwa anaingia kizimbani, anajitetea kwa maneno ya kuchekesha, mashahidi wanamchanganya, hakimu anatoa hukumu, na kesho ni kesi nyingine na mshtakiwa mwingine. Ukikosa wiki nzima kwa sababu ya msiba, hukukosa kitu, unarudi na kuikuta mahakama palepale. Hata Wamarekani waliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1971 televisheni yao ya NBC, ambayo haina uhusiano na benki yetu, ilianza kuonyesha mfululizo wa *Columbo*, wa yule mpelelezi mwenye koti lililokunjamana aliyeigizwa na Peter Falk. Pale muuaji unamjua tangu mwanzo kabisa, unamwona kwa macho yako akiua na kufuta alama za vidole, na bado kipindi kinakushika mpaka mwisho, kisha kinakuachilia usiku uleule. Nilipomweleza mke wangu alishangaa sana. "Sasa Baba Zuhura, kama muuaji nimeshamjua, nakaa kutazama nini?" Nikamwambia, unatazama anavyokamatwa. Akanijibu kwamba huo si mchezo, huo ni utumishi wa umma.

Asili ya balaa hili inajulikana. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, viwanda vya sabuni vililipia michezo ya redio iliyorushwa mchana, wakati akina mama wako nyumbani na nguo ziko kwenye beseni. Mwenye kiwanda cha sabuni hataki hadithi iishe, kwa kuwa uchafu wa nguo hauishi. Mchezo mmoja wa aina hiyo, *Guiding Light*, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia kwenye televisheni mwaka 1952, ukazimwa mwaka 2009. Hebu fikiria mzigo huo: mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akastaafu kama mimi, akazikwa, na kwenye redio na televisheni yake bado watu walikuwa wamesimama nyuma ya mlango wakisikiliza mazungumzo yasiyowahusu.

Watetezi wa taharuki hunikumbusha Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela, aliyekuwa akiikatiza hadithi alfajiri inapopambazuka. Sawa, lakini tuwe waadilifu. Yule binti alikuwa na mfalme kitandani na mnyongaji mlangoni; kila hadithi aliyoimaliza mapema ingempeleka kaburini. Mtayarishaji wa tamthilia nani amemwekea upanga shingoni? Tena Shahrazadi hakuwahi kukatiza maneno ili kutangaza mikopo ya wastaafu.

Kusema kweli, sina ugomvi na hadithi ndefu kwa kuwa ni ndefu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha *Twende na Wakati*, nasi tuliufuata mchezo ule kwa uaminifu. Alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo, na alikuwamo mkewe, Tunu, aliyechoka naye na kuanza kujitegemea. Wajuzi wanasema mtindo ule ulitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyepanga wahusika wake kwa hesabu: mmoja anasimama upande wa wema, mwingine upande wa ubaya, na wa tatu anayumba katikati kwa niaba yetu sote. Ulikwenda kwa miaka, lakini ulikuwa unakwenda mahali. Mkwaju alichokipanda tulikiona kikiota. Hakuna aliyempotezea Mkwaju kumbukumbu kwa ajali ya farasi, wala hakujitokeza pacha wake kutoka ughaibuni.

Na hao Wamexico wenyewe, pamoja na machozi yao mengi, wana adabu moja. Tamthilia zao zina mwisho. Utasumbuliwa kwa miezi kadhaa, kijakazi atadhulumiwa, mama mkwe atapanga njama akiwa amekaa mbele ya kioo, lakini siku moja kengele za kanisa zitalia, yule mbaya ataangamia au atarukwa na akili, na maharusi watabusiana. Mwaka 2011 TBC nayo ilituonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, ya Mao Doudou na mama wakwe zake, yenye sehemu 36. Thelathini na sita! Mtu unaweza kupanga maisha yako. Wale mama wakwe walichokonoa, walinuna, walipika, walipatana, wakatuaga vizuri, na mpaka leo ninamkumbuka Doudou kwa heshima niliyo nayo kwa watu wanaojua saa ya kuondoka wakikutembelea.

Kwa Waturuki shida ni nyingine, na niliipata kwa mjukuu. Kumbe kwao sehemu moja huonyeshwa mara moja kwa juma na huweza kupita saa mbili. Ikiuzwa nje hukatwakatwa vipande vya kutosha nafasi ya mnunuzi. Mwandishi wa kule alikwisha kujenga kilele chake vizuri mwishoni mwa zile saa mbili; mkasi ukipita katikati, kipande kinaishia popote kinapoangukia, na fundi analazimika kubandika muziki wa kutisha juu ya jambo lisilotisha hata kidogo. Ndiyo maana siku moja tuliachwa kwenye taharuki kubwa, ngoma zinadunda, picha imeganda juu ya uso wa mpishi, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama chai iwekwe sukari. Kesho yake ilibainika kwamba iwekwe.

Nilidhani matangazo ndiyo mzizi wa yote, kwa sababu tamthilia ya saa moja ya televisheni za biashara za Marekani hugawanywa kwa vituo vya matangazo, na kila kabla ya kituo mwandishi sharti amning'inize mtu kwenye hatari ili usiinuke kwenda kunywa maji. Lakini BBC haiuzi matangazo kwa Waingereza, na bado tamthilia yao ya *EastEnders*, iliyoanza mwaka 1985, kila sehemu huimaliza kwa mdundo wa ngoma mtu akiwa ameachama kinywa. Basi ni tabia tu. Watu wamepewa madaraka ya kuficha jambo na wameyapenda.

Na madaraka hayo yakizidi hufikia uhalifu. Tarehe 21 Machi 1980, katika *Dallas*, tamthilia ya Wamarekani, tajiri mmoja wa mafuta, J.R. Ewing, alipigwa risasi na mtu asiyeonekana, na watazamaji walikaa mpaka tarehe 21 Novemba ndipo wakaambiwa ni nani, kwa kuwa katikati waigizaji nao waligoma. Hilo ninalisamehe, mgomo ni haki ya mfanyakazi. Nisilosamehe ni la mwaka 1986. Nduguye Bobby, ambaye alikuwa amekufa na kuombolezwa msimu mzima, alionekana mzima wa afya akioga bafuni, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ule msimu wote ulikuwa ndoto ya mkewe. Kumbukumbu za mwaka mzima zimefutwa kwa kisingizio cha usingizi! Ningepeleka muhtasari wa namna hiyo kwa mkaguzi wa vyama vya ushirika, nikamwambia kwamba mauzo ya pamba ya msimu uliopita tuliyaota, leo ningekuwa ninawaandikia kutoka mahali pengine.

Ugonjwa huu sasa umevuka uzio. Saa mbili usiku ninaponyang'anya rimoti nipate taarifa ya habari, mtangazaji ananiambia kwamba daraja limekatika na magari yamekwama pande zote mbili, lakini ni daraja gani nitaelezwa baada ya mapumziko. Nina kijana wangu yuko safarini! Nyumbani nako si salama. Mke wangu akitoka kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa huingia, akavua mtandio, akasema, "Leo mweka hazina kaumbuka," kisha anakwenda kuweka maji jikoni. Ninamfuata mpaka jikoni. Anachambua mchele. Ninamuuliza kaumbukaje. Anasema nisubiri mchele uive.

Hata kampuni iliyotuuzia king'amuzi imejifunza msuko. Kifurushi cha mwezi hakiishi siku ya mashindano ya kwaya wala siku ya kipindi cha kilimo cha matone. Juzi kiliisha saa moja na robo jioni, siku ambayo matangazo yalikuwa yamekwisha kutuahidi kwamba bahasha itafunguliwa. Nikatangaza mbele ya familia kwamba silipi, kwamba hii ni fursa tuliyopewa na Mwenyezi Mungu ya kulala mapema, na kwamba baba wa mtoto yule ni dereva, kila mtu mwenye macho anajua. Hakuna aliyenijibu. Mke wangu aliniletea chai ya tangawizi ambayo sikuiomba, na andazi. Mjukuu akakaa karibu akinionyesha simu yake, akasema, "Babu, ukilipa kwa simu haichukui hata dakika." Mama mkwe wangu, aliyekuja kwetu kutibiwa miguu na ambaye haoni vizuri kitu chochote isipokuwa tamthilia, akavuta pumzi ndefu na kusema kwamba umri wake huu hajui kama atafika mwezi ujao.

Nililipa. Bibi akaifungua. Akaisoma mpaka chini, midomo ikamcheza, karatasi ikamponyoka, akaanguka na mkufu wake ukakatika, na kamera, badala ya kuinama kidogo tu kusoma karatasi iliyolala chali mazuliani, ikakazana kufuata lulu zinazobingirika chini ya kabati. Ikaganda hapo. Ilikuwa Ijumaa. Mke wangu anasema Jumatatu bibi atazinduka na kuyataja yaliyoandikwa. Mimi ninasema atazinduka amepoteza kumbukumbu. Tumewekeana jogoo.