Kabla ya Kumuua Mbwa, Uliza Ni Saratani Gani

Matone ya damu yalipoanza kuonekana barazani, nilidhani mbwa wangu Popi yuko kwenye joto, nikamfungia ndani kuwaepuka madume. Wiki ya nne ilipofika na damu haijakoma, nilimlaza chali, nikaona kwenye uke wake uvimbe mwekundu, laini, wenye vijinundu mithili ya koliflawa. Mzee jirani, ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, huyo mmalize tu kabla hajawaambukiza watoto." Nami nilikuwa nimekwisha kukubaliana naye moyoni.

Daktari wa mifugo aligandamiza kioo chembamba juu ya uvimbe, akakitia rangi na kukitazama kwa hadubini, kisha akaniambia kuwa ni saratani ya sehemu za siri ambayo mbwa huambukizana wakati wa kupandana, na wakati mwingine kwa kunusana na kulambana. Kinachohama si kirusi, bali ni seli hai zenyewe za saratani, jambo ambalo Mrusi Novinsky alilionyesha mwaka 1876 alipopandikiza uvimbe wa mbwa mmoja kwa mwingine. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba uvimbe wa aina hii, popote duniani, unatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Binadamu haambukizwi.

Tena inatibika, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu mbwa wengi huuawa kwa ugonjwa ambao kwa kawaida huisha kwa sindano nne hadi sita za vinkristini, dawa ya saratani, moja kila wiki. Dawa hiyo hutokana na ule mmea wa maua ya waridi na meupe, wenye asili ya Madagaska, ambao wengi wetu tumeupanda uani. Si dawa ya kuchezea: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo daktari alipitisha kwanza maji ya chumvi kwenye kanula, kile kijibomba kinachoingizwa mshipani, huku mimi nikiushika mguu wa Popi usitikisike. Baada ya sindano ya pili alikataa ugali na dagaa kwa siku mbili, na mkojo wake nilikuwa nikiusafisha kwa glavu. Kufikia ya tatu, uvimbe ulikuwa umebaki kama punje ya mahindi. Baada ya ya tano haukuonekana tena.

Simlaumu anayemlaza usingizi wa milele mbwa mkubwa ambaye saratani imeula mfupa wa mguu wake, kwa kuwa hapo tiba mara nyingi huongeza miezi tu, na maumivu yake ni makali. Ninachokikataa ni kuhukumu kwa neno "saratani" pekee, na zaidi ile aibu inayotufanya tumfiche mnyama kwa sababu tu ugonjwa umemkalia sehemu za siri. Fedha ya kwanza iende kwenye kipimo. Ya pili, kwa maoni yangu, iende kwenye kuhasi, maana mbwa wanaozurura usiku kutafuta majike ndio wanaousambaza ugonjwa huu mtaani.

Popi alifungwa kizazi alipopata nafuu. Jumamosi iliyopita nilimsaidia yule mzee kumpakia kwenye bajaji mbwa wake dume, ambaye amekuwa akidondosha damu tangu mwezi uliopita.