Siku ya gereji, hesabu isidaiwe

Wiki jana nilikaa kiti cha mbele kwenye taksi ya Busia kwenda Kampala. Tulipoingia msitu wa Mabira, kila mara dereva akikanyaga breki, gurudumu la kushoto linalia kama msumari unaoburutwa juu ya bati. Nikamwuliza. "Naijua hiyo, mama," akanijibu. "Nitaiangalia siku abiria wakikosekana."

Pedi nyingi za breki huwekwa kibati kidogo makusudi, kianze kukwaruza diski pedi ikikaribia kuisha. Gari linaomba. Ukilinyamazia, chuma kitakutana na chuma, na badala ya pedi peke yake utanunua na diski.

Dereva simlaumu sana. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake, pesa anayopelekewa kila siku, gari liwe limeshinda barabarani au gereji. Akilipeleka kwa fundi asubuhi, pesa ya siku inatoka mfukoni mwake. Nani atafanya hivyo kwa hiari?

Halafu kuna huu mtindo wa "servisi kila mwezi", kana kwamba taksi ni gari la kwenda kanisani Jumapili. Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Kwenda na kurudi mara moja kwa siku ni 400. Kama oili yako ni ya kilomita 5,000, siku ya 13 imeshapitwa. Ukingoja mwezi uishe, umezidisha mara mbili. Na mita ya kilomita ikiwa imekufa (ngapi zinafanya kazi, kweli?), hesabu safari: safari 12 za kwenda na kurudi, kisha gereji.

Mimi nasema siku hiyo ya gereji tajiri asidai hesabu hata shilingi, na ijulikane mapema. Iwe Jumanne au Jumatano, abiria wakiwa wachache, Ijumaa hapana. Mwenye magari matatu asiyapeleke yote pamoja. Spea nazo zinunuliwe jana yake. Nimeshuhudia taksi ikishinda juu ya mawe, magurudumu yamevuliwa, fundi amelala chini ya mwembe akimngoja kijana aliyetumwa soko la spea la Kisekka, Kampala, kutafuta pedi. Siku nzima imepotea kwa kazi isiyofika saa mbili.

Kampala tulifika salama. Sijamaliza hata kushusha mizigo yangu, kondakta akaanza kuita: "Busia! Busia, wawili tu!" Gari lilikuwa tupu.