Kubeba begi si kufuta matunzo

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, anauza mlenda mkavu na ubuyu soko la Majengo. Mumewe yuko Kibaigwa, kwenye biashara ya mahindi, na msimu ukikubali hakosi fuso ya kupakia. Ni zaidi ya mwaka hawalali nyumba moja. Juzi nikamuuliza mbona hamdai huyo baba hela ya matumizi. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akaibe. "Dada, mimi ndiye niliyebeba begi. Nitadai kwa mdomo gani?"

Hayo ya "mdomo gani" nimeyasikia sana Dodoma, na si kwa wasiosoma tu. Vichwani mwetu matunzo ni ujira: unapika, unafua, unalala humo ndani, unapewa. Ukitoka, jina limekatwa. Ajabu ni kwamba watumishi waliohamia huku na wizara zao tangu 2016 wengi waliacha wake Dar es Salaam, na hakuna aliyewahi kuwaambia wale wake kwamba haki yao imeishia Morogoro njiani. Kwa hiyo tatizo letu si umbali. Tatizo ni mwanamke kuondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye fuso hapimwi kwa kibaba cha mwenye baiskeli. (Na mke mwenye uwezo naye anapaswa kumtunza mume aliyelemazwa na ugonjwa au ajali; hilo akina baba hulisahau.) Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama imwamuru mume alipe akiwa amekataa au amepuuza kutoa, au amemtelekeza mkewe. Si lazima uombe talaka kwanza. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mashauri haya, na unajieleza kwa Kiswahili chako.

Simdanganyi jirani yangu kwamba atashinda tu. Mahakama inapopanga kiasi huangalia kipato na mahitaji ya kila mmoja, huangalia pia nani alichangia ndoa kuharibika, na mila za jamii yao. Hapo kwenye mila ndipo ninapokereka. Ugogoni, ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini kwa baba yako, ukirudi na begi wazee wanaona mzigo wa kuwarudisha ng'ombe kabla hawajauona uso wako. Watakwambia vumilia. Naona hakimu angeuliza kwanza kwa nini begi lilifungwa. Huyu mama aliondoka baada ya miezi minne ya kula kwa kukopa dukani wakati mwenzake akijenga banda la kuku kwa mtu mwingine. Aliyeanza kuondoka ni nani hapo?

Nilimwomba simu yake. Tukarudi nyuma kwenye miamala, ujumbe mmoja baada ya mwingine: elfu hamsini, elfu thelathini, elfu kumi, kisha kimya. Halafu akatoa chini ya meza daftari la madeni la kipindi kile, lenye tarehe na sahihi ya mwenye duka, limeliwa na mchwa pembeni. Alikuwa akifungia ubuyu kwa kurasa zake za nyuma. Nikamwambia aache kuchana.