Jolene wa Dolly na Jolene wa Beyoncé: Mtwara inavyoisikiliza Cowboy Carter

Tangu Beyoncé alipotoa Cowboy Carter, tarehe 29 Machi 2024, wapenzi wa nyimbo za kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, huku Mtwara hawajaelewana. Februari 2025 albamu hiyo ilipochukua Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya albamu bora ya mwaka, na juu yake Grammy ya albamu bora ya kantri ambayo hakuna msanii mweusi aliyewahi kuipata kabla yake, nilidhani ubishi utapoa. Ukawaka upya. Kaa kwenye kibaraza chochote cha Chikongola au Magomeni chenye watu wanaowapambanua waimbaji wa kantri Don Williams na Kenny Rogers kwa sauti tu, uitaje albamu hiyo, uone. Mmoja atasema Wamarekani wametuza jina la mtu. Mwenzake atamrukia kwamba wazee wamezoea kuambiwa kantri ni ya Wazungu, na sasa wanailinda kuliko Wazungu wenyewe.

Mimi nina upande wangu na nitausema. Ila hoja za wanaoikataa zinastahili kusikilizwa kwanza, kwa sababu kila zinapotolewa zinajibiwa kwa dharau, kana kwamba asiyeiita kantri ni mjinga wa historia.

Kantri ilitufikia kwa redio na kanda za kaseti. Watu wa hapa walimpenda mwimbaji Jim Reeves miaka na miaka baada ya ajali ya ndege iliyomuua mwaka 1964. Walimpenda kwa sauti ile ya chini isiyo na haraka, kila neno likisikika, hata mwenye Kiingereza cha kuungaunga akafuata. Kenny Rogers naye anakupa kisa: kina mwanzo, kina mtu aliyekosea, kina mwisho. Kwa msikilizaji aliyekulia humo, kantri ni sauti moja, gitaa, na jambo moja linalosimuliwa hadi liishe. Sasa mpe Cowboy Carter. Ni nyimbo na vipande 27, karibu dakika 80. Ndani yake kuna rap, kuna Daughter ambao katikati unageuka kuwa wimbo wa zamani wa Kiitaliano unaoimbwa kwa sauti ya opera, kuna Ya Ya unaokimbia kama roki ya miaka ya 1960, na kuelekea mwisho kuna midundo ya kuchezea disko. Akikuambia kwamba hiki sicho anachokijua yeye, anasema kweli kuhusu alichokisikia. Tena ana shahidi mkubwa: Beyoncé mwenyewe, siku chache kabla ya kuitoa, aliandika kwamba hii si albamu ya kantri, ni albamu ya Beyoncé.

Wanaoitetea huanzia kwenye historia, na hapo wako imara. Texas Hold 'Em, wimbo uliomfanya Beyoncé awe mwanamke mweusi wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya nyimbo za kantri ya jarida la muziki la Billboard, unafunguliwa na banjo, ala ya nyuzi, la Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akionyesha banjo lilikotoka. Miaka ya 1920 kampuni za santuri za Marekani zilizigawa nyimbo za kusini mwa nchi hiyo mafungu mawili, za weusi kivyao na za weupe wa mashambani kivyao, ingawa wapigaji walikuwa wakiazimana nyimbo na ala kila siku. Fungu la weupe ndilo lililokua likawa kantri. Hata hivyo DeFord Bailey, mweusi mpiga harmonika, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, jiji la kantri huko Marekani, kilichoitangaza kantri nchi nzima. Charley Pride alikuja baadaye, na mwaka 1971 chama cha kantri cha Marekani kikamtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka. Linda Martell alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Opry, mwaka 1969. Mwaka uliofuata akatoa albamu, hakupata kutoa nyingine. Beyoncé kamrudisha: sauti ya Martell, akiwa bibi wa miaka zaidi ya 80, inasikika ndani ya Cowboy Carter.

Lakini hapa nawasihi wenzangu wa upande wangu wapunguze mwendo. Wapo vijana wa mjini hapa wanaosema banjo ni letu, lilibebwa na babu zetu waliopitishwa Mikindani na Kilwa wakiwa watumwa. Ninaielewa hamu hiyo, ila njia siyo. Banjo limetokana na ala za Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Watu wetu kwa sehemu kubwa walipelekwa Zanzibar, Arabuni, na visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Anayetaka kuusikia muziki uliokuwa na mkono wa watu wa pwani hii aitafute sega ya Mauritius na maloya ya Réunion. Kantri tuipende bila kujitungia ukoo nayo.

Ubishi unapokuwa mtamu zaidi ni kwenye Jolene, wimbo wa zamani ambao Beyoncé ameurudia katika albamu hii, na hapo historia haimsaidii mtu.

Wimbo wa asili aliutoa mwimbaji wa kantri Dolly Parton mwaka 1973. Mwanamke anamwendea mwanamke mwenzake kumwomba asimchukulie mume. Anamsifia nywele, ngozi, macho, sauti. Anakiri kwamba mumewe anamtaja Jolene usingizini. Anakiri pia kwamba hawezi kushindana naye. Beyoncé kauchukua, Dolly akiwa ameridhia na kumtangulizia maneno mafupi, akaugeuza. Wa kwake haombi. Anaonya. Anamwambia Jolene asithubutu, kwamba yeye na mumewe wametoka mbali, wamelea watoto, na kwamba anawajua wanawake wa namna yake.

Nimeusikia ubishi huu kwenye saluni moja ya Magomeni, pasi ya nywele ikiwa motoni na simu ikipiga nyimbo zote mbili kwa zamu. Dada aliyekuwa anasukwa alisema, "Bibi, zamani mlikuwa mnaomba. Sisi hatuombi mtu." Bibi aliyeambiwa hivyo alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wake, hakuinua uso. "Mwanangu, kama ana hakika na mumewe hivyo, wimbo wa nini?"

Swali la bibi sijapata anayelijibu vizuri. Naiona hoja ya dada, tena kwa hapa pwani ina mizizi. Jolene wa Beyoncé ni kanga yenye kijembe iliyovaliwa makusudi, mwenye kuambiwa apite aisome. Hapa wanawake wamelelewa na taarabu ya mipasho, wakatunza kwa noti, wakamnyoshea kidole aliyekusudiwa mbele ya umati. Kwa masikio hayo, Jolene mpya ameingia nyumbani kwake, na ndiyo maana vijana wa kike wa hapa waliushika haraka kuliko wimbo mwingine wowote wa albamu hiyo. Huo ni ushahidi kwamba Beyoncé hakukosea kuhusu wasikilizaji wake.

Alikosea kuhusu wimbo. Nguvu ya Jolene wa Dolly iko kwenye kile tusichoambiwa. Mwanamke ameshusha heshima yake yote, ameweka ndoa yake mkononi mwa mtu asiyemdai chochote, na wimbo unaisha Jolene hajajibu. Hatujui kama alimhurumia. Hatujui kama mume alistahili kuombewa. Ukishaingiza vitisho, hayo yote yanafutika, kwa kuwa mwenye kutisha ameshaamua mwisho wake mwenyewe. Mpasho mzuri nao huwa na fumbo. Malkia wa taarabu hamtaji mtu jina, humwacha ajitambue. Huku jina limetajwa, onyo limetolewa, hakuna la kufumbua. Wazee wanaoukataa wimbo huu nakubaliana nao kabisa.

Hapo hapo ndipo ninapoachana nao, maana wanautumia wimbo mmoja kuihukumu albamu nzima. Albamu inafunguliwa na Ameriican Requiem, na humo Beyoncé anasimulia kwamba zamani aliambiwa anaongea kishamba mno, kisha alipoleta kantri akaambiwa ushamba wake hautoshi. Anajitaja kuwa mjukuu wa mpika gongo wa Gadsden, Alabama. Mtu wa Mtwara asikilize sehemu hiyo taratibu. Sisi tunajua kufika Dar es Salaam ukafungua mdomo, watu wakaanza kukuigiza lafudhi ya Kimakonde kabla hujamaliza salamu. Tunajua pia gongo ya mabibo, na watoto waliosomeshwa kwa fedha yake bila mtu kuitaja hadharani. Msanii tajiri kuliko karibu wote duniani ameianza albamu yake kwa kutaja biashara ya aina hiyo kuwa ndiyo asili yake, kwa sauti ya Texas alikozaliwa. Ikiwa kantri ni nyimbo za watu wa mashambani wanaochekwa mjini, sijui ni kitu gani kinapungua hapo.

Halafu kuna 16 Carriages. Sauti, gitaa, ngoma nzito inayoingia na kutoka, na kisa cha binti aliyeacha utoto akiwa na miaka 15, akawaona wazazi wake wakitaabika, akaondoka kwenda kutafuta. Kina mwanzo, kina maumivu, kinaeleweka hata kwa mwenye Kiingereza cha kuungaunga. Ni kipimo kilekile cha wazee, na wimbo umekitimiza.

Suala la nani aliipa nini halinisumbui sana. Chama cha kantri cha Marekani hakikuipendekeza kwa tuzo hata moja mwaka 2024. Grammy wakaipa kubwa kuliko zote. Kituo kimoja cha redio cha Oklahoma kilikataa ombi la msikilizaji aliyetaka Texas Hold 'Em, kikaja kuupiga baada ya watu kulalamika. Vyombo vya Nashville vina ugomvi wao wa muda mrefu na Beyoncé, tangu alipopanda jukwaa la tuzo za chama hicho mwaka 2016 na baadhi ya mashabiki wakakasirika. Anayeikataa albamu Mtwara hana sehemu katika ugomvi huo, na si haki kumbebesha.

Linalonisumbua zaidi ni namna albamu yenyewe inavyotufikia. Watu wengi hapa hawana bando la kusikiliza dakika 80 mfululizo. Wanapeleka memori kadi kwenye kibanda, kijana anawawekea. Kijana huyo akiona faili ya nusu dakika yenye mzee anayeongea, anaifuta, maana mteja atasema amepunjwa. Mzee anayefutwa ni Willie Nelson, nguli wa kantri. Yeye ndiye mtangazaji wa redio ya kubuni inayoiunganisha albamu nzima, na kipande chake cha kwanza kinaanza kwa redio inayozungushwa kutoka stesheni hadi stesheni, kumwandaa msikilizaji kwa kuruka kutoka mtindo hadi mtindo. Kipande cha Martell kinachotangaza wimbo unaopita katika aina nyingi za muziki kinapotea vivyo hivyo. Zikibaki nyimbo tupu, tena zimepangwa kwa herufi za majina yao, mchanganyiko unaonekana fujo, na mzee anayesema "hii fujo" hajakosea kwa kile alichouziwa. Sehemu ya lawama iende kwa Beyoncé pia: albamu ambayo vipande vyake haviwezi kusimama bila kamba ya kuvishika imewasahau wanaosikiliza nyimbo mojamoja, na hao ndio wengi duniani. Nusu saa ingeweza kukatwa. Mimi ningeanza na midundo ya disko ya mwishoni.

Hata ikikatwa hivyo, Protector ningeuacha ulivyo. Unaanza kwa sauti ya bintiye mdogo akiomba aimbiwe apate kulala, kisha gitaa, kisha mama anamwambia mtoto kwamba atamlinda hadi awe na nuru yake mwenyewe. Hakuna disko, hakuna rap, hakuna onyo kwa mtu. Watangazaji wetu wa vipindi vya Jumapili, ninaowasikia kila mara wakipiga Texas Hold 'Em na Jolene tu kutoka albamu hii, wajaribu huu na 16 Carriages, katikati ya Jim Reeves na Don Williams, bila kutaja jina la mwimbaji kwanza. Kisha wafungue simu.