Picha Hazitulii: Makro Ipewe Kazi Gani?

Msimu wa tasnifu ukifika, steshenari za Tabora zilizo jirani na vyuo hupata wateja wa aina moja. Mwanafunzi anachomeka flashi, faili linafunguka, na picha aliyoiacha ukurasa wa 31 inakutwa ukurasa wa 33, imelalia jedwali. Maelezo yake yamebaki kulekule nyuma: "Picha 4.2: Mzinga wa kisasa", na juu yake pako wazi. Anayehudumia anaivuta kwa mausi, inarudi. Anavuta ya pili, ya kwanza inaondoka tena. Na kazi yenyewe ina picha 43.

Vijana ninaofanya nao kazi wamehamia kwenye makro, yaani amri zinazoandikwa mara moja, zikahifadhiwa ndani ya Word na kuitwa kwa Alt+F8. Upande wa pili yupo mama mmoja, mhazili mstaafu, aliyesomea hapahapa kwenye kile chuo cha uhazili ambacho leo ni kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Huja kwetu kuprinti barua zake, na kila akituona anatikisa kichwa. "Wanangu, hiyo picha hamjaifunga. Mnaikimbiza tu."

Nilikuwa upande wa vijana kwa muda mrefu. Mama amenihamisha, ila si safari nzima.

Kwanza tuone Word inavyozihesabu picha. Ni kama ina madaftari mawili. La kwanza linaitwa InlineShapes. Humo zimo picha zinazokaa kwenye mstari kama herufi moja kubwa, ukiongeza aya juu yake zinashuka pamoja na maandishi. La pili ni Shapes, la vitu vinavyoelea: picha zilizozungukwa na maandishi, maboksi, mishale. Kila kinachoelea kina nanga kwenye aya fulani, ingawa chenyewe kinaweza kuonekana mbali na aya hiyo. Aya ikisukumwa ukurasa unaofuata, nacho kinaifuata. Tunasema picha imehama. Kumbe imefuata aya ambayo mwandishi hakujua kwamba amefungiwa nayo.

Hapa makro inastahili sifa. Kinasa cha makro hakifiki mbali, maana ukiwa unarekodi mausi haikubali kuchagua maandishi ndani ya ukurasa, kwa hiyo itabidi ufungue Alt+F11 uandike mwenyewe kwa VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Word. Lakini mistari isiyofika kumi inatosha kupita daftari lote la Shapes, kuuliza kila kitu kama ni picha, na kukihamishia mstarini kwa ConvertToInlineShape. Sharti ni moja: hesabu ianzie mwisho irudi mwanzo. Ukianzia mwanzo, picha ya kwanza ikishahama daftari, ya pili inapanda kuwa ya kwanza, na wewe tayari umesogea kwenye namba ya pili. Unashika moja, unaruka moja. Nimemwona kijana akiendesha makro ya namna hiyo mara sita mfululizo mpaka picha zikaisha, akilaumu kompyuta kwamba ni nzito.

Mimi pia sina wa kumcheka. Kuna ripoti ya mteja niliyotaka picha zake zote ziwe na upana wa sentimita 14. Nikaandika Width = 14. Word inapima kwa pointi, 72 kwa inchi, na pointi 14 hazifiki hata nusu sentimita. Picha zote zikawa punje za mchele. Nikafunga bila kuhifadhi, nikaandika CentimetersToPoints(14), ambayo ni kama pointi 397, nikaendesha upya. Zikakaa vizuri. Nikaprinti nakala tatu, nikabandi, nikakabidhi. Mteja akafungua ukurasa wa tamko: sahihi yake aliyoskani imetanda karibu upana wote wa maandishi, na nembo ya kwenye kava imevimba vilevile. Gharama ya karatasi ikawa juu yangu.

Wanaoipinga makro wanasimamia hapo, na wana haki. Makro inaona upana, kimo na nanga; kwamba hii ni ramani na ile ni sahihi ya mtu, haijui. Nilijaribu kuichuja kwa ukubwa, picha ndogo ziachwe, nikagundua ni kubahatisha. Makro ninayotumia sasa inagusa tu picha ambayo aya inayofuata imepewa staili ya Caption, yaani muundo wenye jina ambao Word huutambua kuwa ni wa maelezo ya picha. Sahihi haina Caption, nembo haina, basi zinapona. Ila ili ifanye kazi, kila maelezo ya picha lazima yapewe staili kwanza, na staili ndizo mama alizokuwa akizihubiri siku zote. Nilipomwonyesha alicheka, akaniuliza kama hiyo nayo nimeigundua mimi.

Hoja yake nyingine ni nzito zaidi: makro inabaki dukani, tasnifu inaondoka. Mwanafunzi ataifungua Nzega au Urambo kwenye mashine nyingine, pengine ya LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ambayo ina lugha yake ya Basic na isiyotegemewa kuendesha VBA ya Word sawasawa. Ataongeza aya moja aliyoagizwa na msimamizi. Makro iliyozihamishia picha mstarini imemwachia waraka unaojitegemea. Ile iliyompangia kila picha kwa vipimo vya ukurasa, sentimita hizi toka juu na hizi toka kushoto, imempa kazi inayopendeza siku ya kuprinti tu. Ya kwanza naitetea mpaka kesho. Ya pili nimeifuta.

Halafu kuna usalama. Makro ni programu, na programu inaweza kusafiri ndani ya waraka. Kirusi cha Concept kilisambaa hivyo mwaka 1995. Machi 1999 Melissa kikawa kinajituma kwa anwani 50 za kwanza za Outlook, programu ya barua pepe. Tangu Office 2007 faili la .docx halibebi makro, linalobeba ni .docm, pamoja na .doc za zamani. Mwaka 2022 Microsoft ikaanza kuzifungia makro za mafaili yaliyotoka intaneti. Nafuu kubwa, lakini kwa duka kama letu ni nusu nafuu. Windows huyatambua mafaili hayo kwa alama inayokaa kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS, na flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyoibeba. Faili likipita kwenye flashi, alama inadondoka njiani, na Word inarudi kwenye ule utepe wa njano wenye kitufe cha kuruhusu. Na mteja mwenye haraka atakwambia bonyeza tu.

Sisi hatubonyezi. Makro zetu zinakaa kwenye Normal.dotm, kiolezo cha Word cha mashine ya duka, kazi ya mteja inaingia ikiwa .docx na inatoka ikiwa .docx. Vijana nimewakataza pia kunakili makro zenye On Error Resume Next mstari wa kwanza. Ukiiweka hapo, kosa linapita kimya na unaambiwa kazi imekwisha.

Tusichoelewana bado ni bei. Vijana wanatoza kwa picha, kama zamani walipokuwa wakivuta kwa mausi. Mama anasema kazi ya dakika mbili haiwezi kulipwa kama ya saa mbili. Wanamjibu kwamba hizo dakika mbili ziliwagharimu wiki tatu za usiku kujifunza. Wiki iliyopita alileta kitabu cha historia ya parokia yake, picha 60 zinazoelea, na akaomba punguzo.