Kazi ya msanii wa shughuli hupatikana kabla ya jukwaa

Ujumbe unaoamua kama msanii atapata kazi huwa mfupi sana. "Habari, tarehe 14 Juni uko huru? Ni harusi." Basi. Hauna jina la ukumbi, hauna idadi ya wageni, hauna hata saa. Aliyeuandika mara nyingi ameutuma kwa wasanii watatu au wanne kwa mpigo, yuko kazini au njiani, na kichwani ana mambo chungu nzima ya kupanga. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaotuma ujumbe wa namna hiyo, nikiwatafutia watu washereheshaji, madijei, wapiga saksofoni, wachekeshaji na wafanya mazingaombwe. Nina neno moja kwa wasanii wanaojitegemea: nafasi nyingi mnazipotezea hapo hapo, kwenye kuujibu ujumbe huo, siku nyingi kabla mtu hajasikia sauti zenu.

Najua wengi hawapendi kusikia hivyo. Tumekua na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na msanii aliyefanya mazoezi usiku na mchana anaona ni haki yake kazi imfuate. Naikubali methali hiyo kwa bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuishika, kuigeuzageuza na kuirudisha dukani. Burudani ya shughuli haishikiki. Bwana harusi anakulipa leo kwa jambo litakalotokea miezi mitano ijayo, mbele ya wazazi, wakwe na bosi wake, na likiharibika hakuna siku ya kurudia. Mtu huyu ana hofu. Unashindana na hofu yake kuliko unavyoshindana na dijei mwenzako, na kila unachokifanya kabla ya siku yenyewe kinaipunguza au kinaiongeza.

Kuchelewa kujibu kunaiongeza. Mwaka 2011 jarida la Harvard Business Review lilichapisha utafiti uliozijaribu kampuni 2,241 za Marekani ili kuona zinachukua muda gani kumjibu mtu aliyeulizia huduma kupitia intaneti. Asilimia 23 hazikujibu kabisa. Zile zilizojibu ndani ya siku 30 zilitumia wastani wa saa 42. Na katika utafiti mwingine ulioelezwa hapo hapo, kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na uwezekano wa karibu mara saba wa kufikia mazungumzo ya maana na mwenye uamuzi, zikilinganishwa na zilizochelewa saa moja tu zaidi. Hizo ni kampuni zenye watu wa mauzo wanaolipwa mshahara. Kwa msanii anayejitegemea ambaye ujumbe wake umetumwa sambamba na wa wenzake watatu, saa moja ni nyingi zaidi.

Hakuna anayetegemea msanii ashike simu akiwa jukwaani au akiendesha gari. Lakini jibu la kwanza si lazima liwe kamili. "Asante kwa kunitafuta. Tarehe 14 sina kazi. Sasa hivi niko kwenye shughuli, nitakupigia saa mbili usiku tuongee vizuri." Kisha saa mbili upige kweli. Mteja ameshajua kuwa tarehe ipo, na pia kuwa ukitaja saa unaifuata. Hilo la pili ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi, kwa sababu kila mtu amewahi kuhudhuria sherehe ambayo mshereheshaji wake alifika wageni wakiwa wameshakaa saa nzima wakitazamana.

Mkianza kuongea, usikimbilie bei wala sifa zako. Uliza. Shughuli inaanza na kumalizika saa ngapi? Ni ndani ya ukumbi au uwanjani? Wageni ni wangapi, na wa rika gani? Vyombo vya sauti ni vya nani, na umeme ukikatika kuna jenereta? Siku hiyo nitakuwa nikizungumza na nani, maana bibi harusi hawezi kushika simu? Na la mwisho, ambalo ni wachache mno wanaoliuliza: kuna jambo lolote ambalo halitakiwi kuguswa jukwaani? Familia inaweza kuwa imetoka msibani. Wazazi wa bwana harusi wanaweza kuwa wametengana na hawataki kuitwa mbele pamoja. Kampuni inaweza kuwa imepunguza wafanyakazi mwezi uliopita, na utani wa kufukuzwa kazi utaugandisha ukumbi mzima. Nimeshuhudia wateja wakiacha kulinganisha bei pale walipoulizwa swali hilo. Waliona wanaongea na mtu aliyeziona shughuli nyingi na kuzifikiria.

Baada ya mazungumzo mteja ataomba video, na hapa nina ugomvi na wengi. Video ya msanii wa kawaida ni dakika tatu za moshi, taa na mikato ya haraka haraka, juu yake umewekwa wimbo uliorekodiwa studio. Inapendeza kwa wasanii wenzake. Kwa mwenye shughuli haina jibu hata moja. Yeye anataka kuwaona watu kama wageni wake wakiwa mbele yako, na asikie sauti halisi ya ukumbi. Sekunde 90 za tukio moja lisilokatwa zinatosha. Kama ni mshereheshaji, mwonyeshe jinsi ulivyotuliza ukumbi wenye kelele bila kufoka. Kama ni dijei, mwonyeshe zile dakika ngumu ambapo watu wanamaliza kula na inabidi wa kwanza wainuke kucheza. Mfanya mazingaombwe ageuze kamera iwatazame watu, nyuso zao zitasema kuliko mikono yake.

Tena usiwe na video moja kwa kila mtu. Anayekuandikia mara nyingi haamui peke yake. Atamtumia mchumba wake, mama yake, mkurugenzi wake. Ofisa utumishi anayeandaa hafla ya kampuni hawezi kumpelekea bosi wake video ya klabu ya usiku, hata kama umecheza vizuri namna gani, na hatakwambia sababu. Atanyamaza tu. Kwa hiyo tenga ya harusi, tenga ya ofisi, tenga ya watoto kama unazifanya hizo, na kila moja iambatane na mistari minne ya maelezo ambayo mtu anaweza kuipeleka mbele ilivyo. Na uombe ruhusa kabla ya kuweka mtandaoni sura za wageni wa watu, za watoto hasa. Mzazi aliyemkuta mwanawe kwenye tangazo lako bila kuulizwa atasimulia habari hiyo kwa miaka.

Bei niseme kwa kifupi. Iandike, na uandike imebeba nini: saa ngapi za kazi, usafiri, vyombo, wasaidizi, na saa ya ziada ni kiasi gani. Tarakimu moja isiyo na maelezo inamfanya mteja ailinganishe na tarakimu ya mwingine anayeleta spika mbili zaidi, au asiyeleta hata moja. Akiomba punguzo, punguza kazi: saa nne ziwe tatu, bendi ya watu watano iwe ya watatu. Ukipunguza bei na kazi ikabaki vilevile, umekiri kuwa bei ya kwanza haikuwa ya kweli, na rafiki yake atakayekuja kesho ataanzia pale mlipoishia. Na kazi za bure za "kujitangaza" mimi nazikataa waziwazi kwa niaba yenu, isipokuwa unajua kwa hakika ni akina nani watakaoketi ukumbini, na mwenye shughuli amekubali kwa maandishi kukupa video na picha za siku hiyo. Kuwachezea wagonjwa au yatima ni jambo jingine, hilo mtu hulifanya kwa moyo wake na halihusiani na biashara.

Advansi wengi wanaona haya kuiomba. Wanadhani inamfukuza mteja. Kwa niliyoyaona, mteja aliyelipa advansi na kupewa karatasi moja yenye tarehe, saa, kiasi, na nini kitafanyika upande wowote ukiahirisha, hulala vizuri kuliko yule aliyeambiwa "usijali, tuko pamoja." Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona na harusi zikasogezwa mbele kwa mkupuo, waliokuwa na karatasi hiyo walikuwa na pa kuanzia mazungumzo. Waliokuwa na maneno matupu wengine waligombana na marafiki. Ongeza kwenye karatasi hiyo jina la msanii mwenzako atakayekushikia nafasi ukiugua. Ni mstari mmoja tu, na sijaona kingine kinachomtuliza mwenye shughuli haraka kiasi hicho.

Sasa nije kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote, yaani watu wanaokuletea kazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu watu waliobadilisha kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Maelezo yake ni mepesi kueleweka: rafiki zako wa karibu wanajua unayoyajua wewe, wakati yule unayekutana naye mara moja moja anaishi kati ya watu ambao habari zao hazikufikii.

Kwa msanii wa shughuli, watu hao wana sura na kazi zinazojulikana. Ni mpiga picha, mpambaji, meneja wa ukumbi, mpishi, fundi sauti, mshona magauni ya harusi. Wao wako kwenye sherehe kila wiki, na kila wiki mtu anawauliza kama wanamjua mshereheshaji mzuri. Jibu lao lina uzito kuliko tangazo lolote utakaloposti, kwa sababu wamekuona ukifanya kazi na hawapati chochote kwa kukusifu.

Wanakumbuka mambo gani? Mpiga picha anakumbuka kama ulimnong'oneza kuwa keki inakatwa dakika kumi zijazo, au uliitangaza ghafla yeye akiwa anabadilisha betri. Mpishi anakumbuka kama hotuba zako zilikipoozesha chakula chake. Fundi sauti anakumbuka vizuri kuliko wote. Maiki ikikoroma, kuna wasanii wanaogeukia kwake mbele ya wageni mia tatu na kusema, "Fundi, vipi, umelala?" Ukumbi unacheka. Yule fundi hatakujibu kitu usiku ule, lakini atakutana na wenye sherehe wengine wengi kwa miaka mingi, na jina lako halitatoka kinywani mwake. Yanauma haya, nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakijifungia milango kwa kicheko cha sekunde mbili. Mfahamu fundi kwa jina kabla ya shughuli, mpe maji, mshukuru kwenye maiki mwisho. Mambo haya hayana gharama.

Wasanii wenzako nao wamo kwenye orodha hiyo. Tarehe yako ikiwa imeshachukuliwa, mjibu mteja upesi vilevile, na umpe majina ya wawili uliowaona kwa macho yako wakifanya kazi. Kuna wanaoogopa kufanya hivyo, wanasema mwenzako atakunyang'anya mteja moja kwa moja. Inawezekana. Lakini mtu aliyeolewa Juni hatafuti mshereheshaji mwingine Agosti, anayetafuta ni dada yake, na dada atasimuliwa jinsi ulivyowasaidia hata ulipokuwa hufaidiki. Na mwenzako akibanwa Desemba atakukumbuka. Madijei ninaowajua wenye kalenda zilizojaa wana vikundi vyao vidogo vya watu wanne au watano wanaopeana tarehe namna hiyo, na wamekubaliana mapema jambo moja: kazi niliyokupa, mteja akirudi tena, mwulize kwanza kama alinitafuta mimi.

Siku yenyewe sina mengi ya kusema, mazoezi yako unayajua. Fika mapema, vaa kama ulivyokubaliana, na umalize saa uliyosema.

Ndani ya siku mbili baada ya shughuli, wakati furaha bado ipo, mwandikie mteja umshukuru na umwombe maneno machache. Usimwombe "maoni," atakuandikia "ulikuwa vizuri sana," na hayo hayamsaidii mtu. Mwulize alikuwa na wasiwasi gani kabla ya siku ile, na ilikuwaje. Atakuambia aliogopa wazee wangekasirishwa na muziki, au wageni wa lugha mbili wasingeelewana, na jinsi ulivyolimaliza hilo. Mteja ajaye mwenye wasiwasi huo huo akisoma maneno hayo, utakuwa umeongea naye kabla hajakupigia.

Kampuni, shule na taasisi zina faida nyingine: shughuli zao hurudi kila mwaka. Harusi haitarudi, lakini mahafali yatarudi, na sherehe ya kufunga mwaka itarudi, na anayeiandaa huanza kuhangaika miezi kadhaa kabla. Ukimaliza kazi ya namna hiyo, mwulize hapo hapo wao huanza kupanga lini, andika kwenye kalenda, na mwezi huo ukifika mtumie ujumbe wake peke yake. Tangazo moja linalotumwa kwa watu wote kwenye simu halisomwi. Mtaje kwa jina, mkumbushe jambo moja lililotokea kwenye hafla yake ya mwaka jana, mwambie tarehe zipi bado zipo, kisha usimsumbue kwa ujumbe wa pili na wa tatu.