Ndugu wa mgonjwa, ingia ndani

Mwaka wangu wa ubingwa bobezi wa dharura za wazee hapa Marekani umeniachia aibu moja. Nilipokuwa daktari nyumbani, maneno yaliyonitoka kinywani kuliko yote katika idara ya dharura yalikuwa: "Ndugu wa mgonjwa, subirini nje." Niliona ndio utaratibu. Watu wamejaa, nesi hana pa kupita, kila mmoja ana swali lake. Nawatoa wote, nabaki na mzee na faili tupu.

Huku sina wa kumtoa. Mzee analetwa usiku wa manane kutoka nyumba ya kutunzia wazee, amebandikiwa orodha ya dawa 13 na namba ya simu. Napiga. Aliyepokea ndiyo kwanza ameingia zamu. "Huwa anaongea vizuri?" Nasikia karatasi zikipekuliwa. "Ngoja niangalie."

Tunatumia kipimo kiitwacho 4AT, kilichotungwa Edinburgh, kumtambua mzee aliyechanganyikiwa ghafla. Unaangalia kama yuko macho sawasawa. Unamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu ni upi. Unamwambia ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Mwisho unauliza: hali hii imeanza ghafla, au inakuja na kuondoka? Alama 4 zinatosha kumshuku, na jibu la "ndiyo" kwenye swali hilo la mwisho linabeba 4 peke yake. (Mama yangu tarehe yake ya kuzaliwa ni ya kukadiria, na miezi hajawahi kuisoma kwa kurudi nyuma. Angerundikiwa alama za kumshuku, ilhali akili zake ni timamu. Kabla ya kukibeba kipimo hicho kwenda nacho nyumbani, kwanza kishonwe upya.)

Swali la mwisho halina mashine. Anayelijibu ni binti aliyelala chumba kimoja na mzee jana, yule yule niliyemfungia mlango.

Na mengi yanategemea jibu lake. Kuweweseka kunaweza kuwa dalili pekee ya nimonia. Moyo unaweza kushambuliwa bila kifua kuuma, mzee akasema tu amechoka. Presha ya 110 kwa mtu aliyezoea 170 si ya kufurahia, hata kama mashine haijalia.

Sisemi huku hakuna cha kuiga. Mwongozo wa idara za dharura za wazee ulitoka 2014, na tangu 2018 chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kinazipa idara hizo ithibati za ngazi tatu. Magodoro manene, saa kubwa ukutani, mfamasia wa kupitia dawa: vizuri, lakini vina gharama. Mimi ningebeba sindano ya ganzi ya kinena kwa aliyevunjika nyonga. Mzee aliyekuwa akipiga kelele kila machela inapoguswa, baada ya muda anakuuliza miwani yake iko wapi, na hujalazimika kumpa dawa nyingi kali za maumivu ambazo zingemvuruga akili. Pale kinachohitajika zaidi ni mkono uliofundishwa.

Kilichonichekesha ni kingine. Huku kuna hospitali zinazofundisha watu wa kujitolea na kuwapangia zamu za kukaa na mzee, kumkumbusha alipo, kumvalisha miwani, kumnywesha maji. Nyumbani kazi hiyo anaifanya mjukuu, bila kufundishwa na mtu, mpaka daktari amfukuze.

Kwa hiyo wanaopanga mafunzo ya dharura za wazee nyumbani, naomba somo la kwanza liwe namna ya kumchagua ndugu wa kubaki ndani. Si kila ndugu anafaa. Anayeongea kwa sauti kubwa mara nyingi ni yule aliyeshuka safari juzi, kama mimi. Anayejua mzee alikulaje jana yuko nyuma yake, kimya, ameshika mfuko wa dawa.